Namba Sita za Dada

Duka letu lilikuwa linauawa na ngazi. Kitambaa kilikuwepo, vyerehani vitatu vilikuwepo na vyote vizima, mikono ya kushona ilikuwepo. Lakini tangu tuhamishwe kutoka chini, palipokuwa na dirisha la barabarani, tukapandishwa ghorofa ya tatu, mlango wa mwisho baada ya fundi saa, hakuna tena mtu wa kutupita akavutiwa. Ghorofa ya tatu nani anapita? Kila aliyefika kwetu alikuwa ameona nguo kwenye ukurasa wetu wa mtandaoni, akaelekezwa, akapanda huku akitusema, akaingia akihema kama aliyefukuzwa.

Ukurasa huo dada yangu mkubwa aliufungua miaka minane iliyopita. Kila gauni lililotoka mezani kwetu limepigwa picha likawekwa humo. Ukipotea huo, hata mtu atutafute kwa tochi hatatuona.

Dada si mtu wa maneno. Maneno nimeachiwa mimi, ndiyo maana mtaa mzima unaniita Redio, na sina ugomvi na jina hilo. Siku Dada alipofunika cherehani cha tatu kwa shuka, saa nne asubuhi, hakuhitaji kunieleza. Alikunja kona za shuka taratibu kama anayemfunika mgonjwa, akasema bila kunitazama, "Mwezi huu ukiisha hivi, nakwenda kiwandani kushona sare. Wanataka fundi mmoja."

Mmoja. Mke wa kaka yetu, ambaye ndiye mtu wa vifungo na mapindo, aliacha sindano hewani. Bila Dada, mimi na wifi yangu ni watu wawili wenye mkasi tu.

"Tupe wiki moja," nikamwambia. "Kuna watu kazi yao ni kuamsha biashara mtandaoni. Nitamtafuta mmoja."

"Tafuta. Ila umgeuze kwanza."

Kugeuza ni lugha ya mezani kwetu. Fundi akija kuomba kazi na nguo aliyoishona, Dada haitazami ilivyo. Anaipindua nje ndani, anaifuata kwa kidole mishono ya ndani, anavuta bitana, anaangalia nyuzi zilivyokatwa. Nje, anasema, hata pasi inaweza kusema uongo.

Wa kwanza alikuja Jumanne, mwanamke wa makamo mwenye kandambili na begi la mgongoni kama la mwanafunzi. Tukampa jina kabla hajaondoka: Bi Daftari, maana alitoa daftari na hakuinua kichwa nusu saa nzima. Wateja watatu wa mwisho walitujulia wapi? Gauni moja linachukua siku ngapi? Nani anajibu ujumbe wa wateja?

"Mimi," nikasema.

"Unajibu baada ya muda gani?"

"Nikipata nafasi."

Akaandika. Mama Pacha, ambaye ni mteja wetu lakini siku hizi anakuja kwa umbea zaidi kuliko kwa nguo, akanikonyeza.

Nikamuuliza Bi Daftari ni nani aliyewahi kumfanikisha. Akatupa namba ya muoka mikate. "Mpigieni yeye, sitaki niseme mimi." Halafu, jambo ambalo sijawahi kulisikia kwa mfanyabiashara yeyote, akatupa namba ya pili. "Huyu anauza viatu. Kwake niliharibu. Nilimtangaza miezi miwili bila kumuuliza kama ana saizi za kutosha. Watu wakaja, wakakosa, wakaondoka wamenuna. Mpigieni naye. Bado ana hasira kidogo."

Mama Pacha alishindwa kuzuia kicheko. Mimi nikajificha nyuma ya kitambaa.

"Kwa hiyo utatuletea wateja wangapi?" nikamuuliza nikishapata pumzi.

"Sijui. Nikikutajia idadi leo nitakuwa nabahatisha. Na neno lenu la siri la kuingilia ukurasani silitaki. Mtaniongeza kama msaidizi, siku mkinichoka mnanitoa."

Alipoondoka nilimwigiza mpaka wifi yangu akajichoma sindano kwa kicheko. Nikasema huyu hawezi hata kujitangaza mwenyewe, atatutangazaje sisi. Dada hakucheka. Alichukua kikaratasi chenye namba ya simu ya yule mwanamke akakichomeka kwa pini kwenye kifua cha Mkwe. Mkwe ni sanamu yetu ya kuvalisha nguo, hana kichwa, anasikia yote na hasemi kitu. Ndiyo maana tukampa cheo hicho.

Jumatano nikampata wangu. Mfalme wa Mauzo, ndivyo alivyojiita, na wafuasi wake walikuwa kama mchanga. Video zake zote amesimama mbele ya gari, kila video gari jingine. "Siku thelathini, duka lako litafungwa kwa sababu wateja wamezidi." Nilimwandikia, akanijibu kwa sauti kabla sijaweka simu chini, akaniita malkia. Mimi nina watoto wawili na goti bovu; mara ya mwisho kuitwa malkia sikumbuki. Ijumaa akasema nimtumie neno la siri la ukurasa ili kazi aanze kuipasha moto. Nikamtumia. Dada sikumwambia. Nilitaka aone matokeo kwanza.

Jumamosi mchana Mfalme akaja. Suti ya bluu ya kubana, manukato yaliyotangulia ngazi mbili mbele yake, na taa ya duara aliyoisimamisha karibu na meza ya kukatia. Akampiga Mkwe picha, akatupiga sisi, akajipiga mwenyewe zaidi. Dada aliendelea kuchora kola kwa chaki.

"Bosi," akamwambia Dada, "wewe una kipaji, ila kipaji kimelala. Mimi ni kengele."

"Uliwahi kumwamsha nani?" Dada akauliza.

"Swali zuri sana hilo." Akatoa kompyuta yake ya bapa, akaanza kututelezeshea picha. Mistari inayopanda. Watu wanaocheka wameshika karatasi. Hakuna aliyekuwa na jina. "Haya yote ni kazi ya mikono yangu. Lakini bosi, muda. Ukurasa wenu nimeshauandaa, umebaki mlango mmoja tu. Sasa hivi simu yako itapokea namba sita. Nisomee, niingie, nianze leo leo."

Simu ya Dada ikatetemeka juu ya meza.

Dada akapapasa miwani, haikuwepo. Akamsukumia wifi yangu simu. "Soma wewe."

Nilijua maana ya mlango ule kubaki mmoja. Mlango wa kwanza nilikuwa nimeufungua mimi, na Dada bado hakujua. Nikajiambia atajua tukishaona wateja.

"Nne," wifi akasoma.

Mfalme akaandika kwa kidole kimoja. Kwa mkono mwingine aliendelea kutelezesha picha, kutuburudisha.

"Moja."

"Huyu, kwa mfano," akasema Mfalme, "ni mteja wangu wa nje. Nyumba kubwa ya mitindo. Walikuwa wamekufa. Sasa hivi oda mia kwa wiki."

"Saba," wifi akasoma.

Nikatazama ile picha.

Gauni la mistari ya bluu na nyeupe. Kichwa cha aliyelivaa kimekatwa, ukuta umefutwa nyuma. Mkono wa kulia wa gauni, mistari inashuka. Mkono wa kushoto, mistari inalala.

Mtu mwingine angesema mtindo. Mimi nilijua ni nini. Miaka mitatu iliyopita nilikuwa nakata gauni lile huku nikimsimulia Mama Pacha harusi iliyovunjika mlangoni, na nilipofika mahali bwana harusi anaruka ukuta, nikakata mkono wa kushoto kwa upana badala ya urefu. Kitambaa kilikuwa kimekwisha. Dada akaushona hivyo hivyo. Mwenye nguo alipoivaa akazunguka mbele ya kioo akasema ni ubunifu. Tukampiga picha, tukaiweka kwenye ukurasa wetu. Hakuna gauni jingine duniani lenye kosa lile, kwa sababu hakuna harusi nyingine iliyovunjika vile wakati mimi nimeshika mkasi.

"Ngoja wifi," nikasema.

Wifi akaacha kusoma, kidole kikiwa kwenye kioo cha simu.

"Namba ya nne?" Mfalme akauliza, bado anatabasamu.

"Huyo mteja wako wa nje," nikasema, "anaitwa nani?"

"Malkia, mikataba yangu ni siri. Namba hizi zinakufa baada ya muda mfupi."

"Jina tu. Au nchi."

"Ya nne, shemeji," akamwambia wifi yangu, na tabasamu sasa lilikuwa limebaki kwenye meno peke yake.

Wifi akanitazama, akamtazama Dada. Yeye ndiye aliyekuwa ameota kiwanda usiku kucha, akiamka na kuuliza nani atatuambia kola imekaa sawa. Alitaka kusoma. Niliona midomo yake ikianza kuitengeneza namba.

"Nakuuliza kitu cha ufundi tu," nikamwambia Mfalme. "Huo mkono wa kushoto. Mbona mistari imelala?"

Hapo angeweza kusema hajui, akatoka na heshima yake. Lakini mtu aliyezoea kujisifu hapiti penye nafasi ya sifa.

"Ahaa," akasema, akaegemea meza. "Umeona? Huo ushauri nilimpa mimi. Nilimwambia wazi, geuza mkono mmoja, watu wasimame, waulize. Mauzo ni kushtua. Alikataa wiki nzima, nikamwambia fanya, utanishukuru."

Nilisikia saa za jirani yetu kupitia ukuta, zote kwa pamoja. Mama Pacha alifunika mdomo kwa kiganja.

Dada akaweka chaki chini. "Redio. Geuza."

Kwenye kifundo cha mkono wangu ninavaa kimto cha pini. Nilikishona kwa mabaki ya kitambaa kile kile, bluu na nyeupe, ili kila nikichomeka pini nikumbuke kufunga mdomo ninapokata, ila hakijawahi kunisaidia. Nikakivua nikakilaza juu ya kompyuta yake, kando ya picha. Mstari kwa mstari.

"Huo mkono niliukosea mimi," nikasema. "Hapa, mezani hapa. Bwana harusi alikuwa anaruka ukuta."

"Alisharuka kabisa," Mama Pacha akasema taratibu. "Mpaka mguu wa pili."

Mfalme akakitazama kimto, akaitazama picha. Kisha akafanya jambo lililonitisha kuliko uongo wote: hakuona haya hata kidogo. "Vijana wangu wa ofisini wanachanganya mafaili. Ni mfano tu. Picha ni picha. Tumalize namba, nitawapunguzia."

"Wifi," nikasema, "lete simu."

"Shemeji, usimsikilize. Ndugu wa damu ndio wanaoua biashara, naona kila siku." Akanyoosha mkono kuelekea simu. Si kwa nguvu, kwa utaratibu, kama anayechukua kilicho chake.

Wifi yangu ni mwembamba, hata nguo za kupima anavaa za watoto wakubwa. Aliiweka simu chini ya kiti, akaikalia.

"Nimesahau kusoma," akamwambia.

Mfalme alikunja taa yake polepole. Mlangoni akageuka. "Mtabaki hapa juu na vyerehani vyenu. Mimi nina watu elfu arobaini. Nikisema ni matapeli, nyinyi ni matapeli." Halafu viatu vyake vikashuka ngazi, kak, kak, kak, bila haraka.

Hatujashusha pumzi, kiti cha wifi kikatetemeka.

Akainuka, akatazama simu. "Namba sita nyingine."

Ikatetemeka tena. Nyingine. Alikuwa bado yuko kwenye ngazi, anajaribu.

"Anaingiaje mpaka kwenye namba?" Dada akauliza. "Si lazima awe na neno la siri kwanza?"

Nikakitazama kimto changu. "Nilimpa jana."

Dada alinitazama kwa muda ambao ningeshona pindo zima.

Simu ikaita. Namba ngeni. Wifi akaweka sauti ya nje. "Hapa ni makao makuu ya mtandao," ikasema sauti ya puani. "Akaunti yenu imevamiwa. Mtusomee namba sita tuwalinde."

"Amepata mafua ghafla," Mama Pacha akasema. "Hata ngazi hajazimaliza."

Tukakata. Ikaita tena. Tukakata. Tulicheka kidogo, kicheko cha woga, kwa sababu hakuna hata mmoja wetu aliyejua namna ya kumfungia nje. Anaweza kukosea, anaweza kupatia. Miaka minane ilikuwa imening'inia kwenye kitu tusichokijua.

Dada akaenda kwa Mkwe, akachomoa pini, akanipa kikaratasi. "Uliyemcheka, mpigie wewe."

Nilipiga. Alipopokea, maneno yote ya Redio yakanikauka. Nikasema mimi ni yule wa ghorofa ya tatu, nikamweleza mpaka mahali pa neno la siri.

Bi Daftari hakuniuliza kwa nini. "Simu ya ukurasa iko mkononi?"

"Iko."

"Nani ana macho mazuri?"

"Wifi yangu."

"Ampe mwenye ukurasa, na yeye asimame pembeni amwonyeshe. Haraka, lakini msikimbie."

Akatuongoza kama mtu anayepitisha uzi kwenye tundu la sindano: bonyeza hapa, mnaona nini, someni maandishi, hapana rudi, sasa hapo. Dada aliandika neno jipya la siri kwa kidole kimoja, ulimi ukiwa umetoka kidogo kama anavyofanya akitia zipu. Simu ikatetemeka.

"Zimekuja namba sita," Dada akaiambia simu yangu. "Nne, sifuri..."

"Usinisomee."

Dada akakwama.

"Dada, hata mimi usinisomee. Ziandike mwenyewe ulipo. Nitasubiri."

Tukatazamana, wifi na mimi. Nilikumbuka mshono wa ndani, kidole cha Dada kikiufuata. Mwanamke huyu alikuwa amejigeuza mwenyewe Jumanne, nyuzi zote nje, na mimi nikacheka nyuzi.

Dada akaandika. Sita zote. Kisha Bi Daftari akatuambia pa kubonyeza ili kila kifaa kingine kilichowahi kuingia kitolewe. Tukabonyeza. Tukasubiri. Simu haikutetemeka. Chini, mlango mkubwa wa jengo ukafungwa kwa kishindo.

"Sasa uje ufanye kazi na sisi," nikamwambia, nafsi imerudi. "Jumatatu."

"Sijasema nitafanya. Nina mteja mpaka mwisho wa wiki ijayo. Na bado kuna swali langu la Jumanne hukulijibu. Unajibu ujumbe wa wateja baada ya muda gani?"

"Nilisema nikipata..."

"Fungua sanduku la ujumbe. Hesabu ambao haujafunguliwa. Nitumie idadi, halafu tutaongea." Akakata kwa heshima.

Dada akanisogezea simu. Alirudi kwenye kola yake, akachukua chaki, na nikaona kwamba jambo la kiwandani halijaondoka. Limesogezwa tu mpaka nimalize.

Nikafungua. Nilidhani watano, kumi. Nikateremsha kidole, nikateremsha, majina yakapita na hayakwisha. Mimi ninayejua nani ameachwa na nani anarudiwa mtaa mzima, watu walikuwa wanabisha hodi mkononi mwangu na sikuwasikia.

"Wangapi?" Mama Pacha akauliza, shingo imeshafika begani kwangu.

"Sitini na tatu."

"Shoga," akasema, "kumbe si ngazi inayowaua."

Nikavuta kiti karibu na dirisha. Nikaanza na wa zamani kuliko wote, wa miezi minane nyuma. Mwanamke aliuliza maneno matatu tu: Habari, bado mpo?

Niliandika, nikafuta, nikaandika tena. "Tupo. Ghorofa ya tatu, mlango wa mwisho baada ya fundi saa. Samahani kwa kuchelewa. Na samahani kwa ngazi."

Nikakitazama kimto changu cha pini, nikabonyeza kutuma, nikahamia kwa wa pili.